Meli iliyozama mara mbili

Wasomaji wetu wa Kalemie, Moba na Uvira wanalijua ziwa Tanganyika kama wanavyoujua uwanja wa nyumba zao. Wanajua upepo wake, samaki wake na hasira yake. Lakini tumeona kwamba vijana wengi hawajapata kusikia habari za meli ya vita iliyozama katika maji hayo mara mbili, nayo ikainuliwa mara mbili. Wazee wanaziacha habari hizi zipotee. Basi tuzisimulie, maana zina fundisho.

Mwanzo wake ni mbali sana na ziwa letu. Mwaka wa 1913, katika mji wa Papenburg nchini Ujerumani, mafundi waliunda meli ya chuma yenye urefu wa mita 71. Walipokwisha kuiunda waliifungua tena, kipande kwa kipande, wakaitia katika masanduku 5,000. Masanduku hayo yalipita baharini mpaka Dar es Salaam, kisha yakapanda gari la moshi mpaka Kigoma, safari ya kilomita zaidi ya 1,200. Mafundi watatu wa Papenburg waliyafuata: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Pale Kigoma, pamoja na mafundi Wahindi na Waafrika wengi, walianza kuunga tena mabati yale.

Meli ilipewa jina la Graf von Götzen. Huyo alikuwa gavana wa Wadachi, ndio Wajerumani, toka mwaka wa 1901 hata 1906. Katika utawala wake ndipo watu wa kusini walipoinuka kwa vita ya Maji Maji, na maelfu na maelfu wakafa kwa risasi na kwa njaa. Jina lile halikuwa tamu masikioni mwa wenyeji.

Meli ilikuwa bado haijamalizika vita kuu ilipoanza mwaka wa 1914. Mwezi wa Agosti Wadachi walikuja na meli yao ndogo Hedwig von Wissmann, wakaipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, pale Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie. Toka siku hiyo walikuwa mabwana wa ziwa. Tarehe 5 Februari 1915 Götzen ilishushwa majini, na mwezi wa Juni ikaanza safari zake, ikichukua askari na mizinga. Hapakuwa na chombo kingine cha kulingana nayo ziwani.

Ndipo Waingereza walipoleta mashua mbili za mbio, Mimi na Toutou. Zilitoka Afrika ya Kusini kwa gari la moshi mpaka Fungurume. Kutoka pale zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za moshi, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, mpaka Sankisia. Kisha zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, na mwezi wa Oktoba 1915 zikafika Lukuga. Vitabu vinawasifu sana maofisa wa safari ile. Tuwakumbuke pia watu wa Katanga waliokata miti, waliojenga madaraja na kuvuta kamba, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Tarehe 26 Desemba mashua zile ziliiteka meli ndogo ya Wadachi, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 ziliizamisha Hedwig von Wissmann. Siku iliyofuata Götzen ilitokea kuitafuta mwenzake, lakini mkuu wa Waingereza hakukubali kuishambulia. Mwezi wa Juni ndege za Wabelgiji ziliitupia mabomu Kigoma, na askari wao walikuwa wanakaribia kwa nchi kavu. Wadachi wakaona mji umekwisha kupotea. Amri ikatoka: meli izamishwe, adui asiipate.

Sasa tusimame kidogo hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Waliopewa kazi ya kuizamisha ni mafundi walewale walioiunda. Wangeweza kuivunjavunja kwa baruti. Hawakufanya hivyo. Walipaka mitambo yote mafuta mazito ili kutu isiile, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaiteremsha taratibu chini ya maji, karibu na Kigoma. Walitii amri, lakini waliizika kama mkulima anavyofukia mbegu, wakitumaini kwamba siku moja itatoka.

Ikatoka kweli, ila si kwa mikono yao. Vita ilipokwisha Wabelgiji waliiinua, wakaivuta mpaka Kigoma. Mwaka wa 1920 tufani ikaipiga bandarini, ikazama mara ya pili. Wengi wangesema: Basi, imekufa kabisa. Lakini Waingereza walipopewa kuitawala Tanganyika, walijaribu tena, na tarehe 16 Machi 1924 meli ikaonekana juu ya maji. Walipoondoa matope waliona ajabu: mitambo bado mizima! Yale mafuta ya mwaka wa 1916 yalikuwa yameilinda.

Tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari tena. Jina la gavana lilifutwa, ikaitwa Liemba. Ndilo jina ambalo watu wa kusini walilitumia kwa ziwa lao, naye Livingstone alilisikia alipofika kule mwaka wa 1867. Mizinga haikurudi. Mahali pake walikaa akina mama na vikapu vya dagaa, wachuuzi, watoto, mbuzi na magunia ya mahindi. Ikaendeshwa kwa mvuke hata miaka ya 1970, ndipo ilipotiwa mitambo ya dizeli.

Hata siku za msiba ilifanya kazi. Mwaka wa 1997 iliwarudisha Kongo wakimbizi wetu zaidi ya 75,000. Mwaka wa 2015, ilipotimiza miaka mia moja tangu kushushwa majini, ilikwenda Kagunga kuwachukua Warundi waliokimbia makwao, ikawapeleka Kigoma. Meli iliyoundwa ili kupeleka askari vitani iliwaokoa watu waliokimbia vita.

Wazee husema: Akiba haiozi. Mafundi wale watatu hawakujua meli itamfaa nani. Walijua tu kwamba kazi njema ya mikono haifai kuharibiwa kwa hasira. Katika nchi zetu tumeona mara nyingi mtu anayeondoka mahali akivunja madirisha, aking'oa milango, akichoma daftari, ili anayemfuata asikute kitu. Anadhani amemkomesha adui yake. Kumbe amewanyang'anya watoto ambao hawajazaliwa. Siku tukilazimika kuacha kazi yetu, tuipake mafuta kwanza.