Mashua Mbili Juu ya Remorki: Njia ya Fungurume Mpaka Sankisia, 1915



Ni desturi, parokia inapofikia jubilei yake, kuandika majina ya Maaskofu walioibariki, ya Mapadri walioichunga, na ya watoto wake walioitikia mwito wa Mungu. Majina hayo mtayakuta katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tulioombwa kuandika kurasa hizi za historia tumependa kusema juu ya jambo linalosahauliwa mara nyingi, nalo ni njia. Katika inchi yetu hakuna kanisa lililojengwa pasipo kuvuta vitu vizito kutoka mbali: simenti, mabati, mbao, kengele. Na kabla ya mzigo kupita, watu walikuwa wamekwisha kukata miti, kuvunja mawe na kutandika madaraja. Kwa hiyo tutasimulia safari moja iliyopita hapa Katanga zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati mashua mbili za vita zilipovutwa juu ya remorki katika milima ya Mitumba. Tunaisimulia kwa sababu ina fundisho, na tena kwa sababu kuna watu ambao tunawadai sala.

Sababu ya safari

Vita kubwa ya kwanza ilipoanza Ulaya mwaka wa 1914, ilifika upesi katika Ziwa Tanganika. Ngambo ya mashariki ilikuwa chini ya Wadachi, ngambo ya magharibi chini ya Wabeleji. Mwezi wa nane 1914, meli ya Wadachi iliyoitwa Hedwig von Wissmann iliivunja meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune. Tangu siku ile Wadachi wakawa mabwana wa ziwa. Walikuwa pia na meli ndogo Kingani, na mwaka wa 1915 wakaunganisha huko Kigoma meli kubwa sana, Graf von Götzen, ambayo vyuma vyake vililetwa kutoka Ulaya vipande vipande. Watu wa ngambo yetu, kutoka Uvira mpaka Moba, waliishi kwa hofu ya kuona moshi juu ya maji.

Ndipo mwindaji mmoja Mwingereza, John Lee, alipowaendea wakubwa wa jeshi la maji huko London na shauri lake. Alisema kwamba mashua zenye mwendo wa mbio zaweza kuletwa mpaka ziwani kwa kupita Afrika ya Kusini na Katanga. Shauri likakubaliwa. Zikachaguliwa mashua mbili za mbao, kila moja na urefu wa mita 12, zikapewa majina Mimi na Toutou. Mkubwa wa safari akawa Geoffrey Spicer-Simson, pamoja na watu wasiofika 30. Mwezi wa sita 1915 mashua zilipakiwa katika meli pamoja na remorki zilizofanywa kusudi kwa kazi hii. Kutoka Cape Town zikapanda gari la moshi, na tarehe 26 mwezi wa saba zikafika Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Mwanzoni mwa mwezi wa nane zikafika Fungurume, na hapo reli ikakoma.

Njia ya kilometa 235

Kutoka Fungurume mpaka Sankisia, pahali palipoanzia kipande kingine cha reli kwenda Bukama, ilikuwa kilometa 235 hivi. Hapakuwa na barabara ya kustahili mzigo kama ule. Katikati yake ulisimama mlima wa Mitumba, ambao njia iliupanda kwa mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari. Tena saa ilikuwa inawakimbiza. Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho. Na yeyote anayeujua udongo wa Katanga anafahamu kwamba masika yakinyesha, remorki nzito itazama mpaka ekseli, wala haitatoka.

Kwa hiyo watu wa vijiji walikusanywa ili waifungue njia. Walikata miti, wakang'oa visiki, wakajaza makorongo, wakatengeneza madaraja ya magogo zaidi ya 100. Waliifanya kazi hiyo kwa shoka, kwa jembe na kwa mikono. Na daraja haikutengenezwa kwa ajili ya mashua peke yake. Remorki zilivutwa na trakta mbili za moshi, masini za chuma nzito kupita mzigo wenyewe. Daraja iliyoweza kumpitisha ng'ombe na mpagazi ilivunjika chini ya masini hizo, ikapashwa kutengenezwa upya.

Safari ilianza tarehe 18 mwezi wa nane. Kuna siku walizokwenda kilometa chache tu. Trakta ya moshi hula kuni na kunywa maji pasipo kushiba; na katika nyanda kavu za juu, mito ilikuwa mbali. Ndipo wanawake wa vijiji walipoitwa kuteka maji na kuyaleta kichwani katika mitungi, mwendo wa saa nyingi, ili masini isizimike. Tunawaomba wasomaji wasimame kidogo hapa. Masini iliyosifiwa kwa nguvu zake haikuweza kwenda hata hatua moja bila mtungi wa mama ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Palipokuwa na mpando mkali uliozishinda trakta, walifunga ng'ombe wengi pamoja. Walifunga pia kamba kwenye miti mikubwa, wakaipitisha katika magurudumu ya kuvutia, hata nguvu ndogo iweze kuinua uzito mkubwa. Remorki ilipanda kidogo, watu wakaweka mawe nyuma ya magurudumu, wakavuta tena. Hivyo mashua za bahari zilipanda mlima.

Hatari ya kushuka

Mtu asiyezoea kazi hii huwaza kwamba ugumu wote uko katika kupanda. Mashofere wetu wanajua kwamba sivyo. Katika kupanda, mzigo unakataa kufuata, na ubaya mkubwa ni kusimama. Katika kushuka, mzigo unataka kutangulia. Remorki ambayo haina freni yake yenyewe humsukuma anayeivuta, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, mpaka inapinduka kando ao inamkunja yeye aliye mbele. Kwa sababu hiyo, waliposhuka kutoka Mitumba kwenda bonde la Lualaba, kazi yao haikuwa tena kuvuta bali kushikilia kutoka nyuma. Nguvu ya kuzuia ilipashwa kuwa kubwa pia.

Tarehe 28 mwezi wa tisa 1915 mashua zilifika Sankisia, baada ya majuma sita hivi. Zikapakiwa tena katika gari la moshi mpaka Bukama, kisha zikateremka mto Lualaba, ambao maji yake yalikuwa machache hata zikakwama mchangani mara nyingi. Mwezi wa kumi zikafika Kabalo, na kutoka hapo kwa reli mpaka Lukuga, karibu na pahali tunapopaita leo Kalemie.

Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915, siku moja baada ya Noeli, Mimi na Toutou ziliikamata Kingani. Tarehe 9 mwezi wa pili 1916 Mimi, pamoja na ile Kingani iliyokamatwa, zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Graf von Götzen ilizamishwa na Wadachi wenyewe mwezi wa saba 1916, walipokuwa wakiiacha Kigoma; baadaye ilitolewa majini, na tangu mwaka wa 1927 ikasafiri ziwani kwa jina la Liemba. Mwezi wa tisa 1916 askari wa Kongo waliingia Tabora, na nyuma yao wapagazi wengi walikuwa wamekwisha kufa njiani kwa njaa na ugonjwa.

Mwaka wa 1918 reli ikafika Bukama. Njia ile iliyotoka jasho la watu wengi haikuwa tena na kazi kwa mizigo mikubwa, na magogo ya madaraja yake yakaoza.

Makamio ya jeshi

Historia ya kuvuta remorki za vita haikuishia hapo. Katika vita kubwa ya pili, Waamerika walitengeneza makamio ya GMC ya tani mbili na nusu, yenye ekseli tatu na magurudumu yote yakivuta. Kati ya 1941 na 1945 zilitoka zaidi ya 500,000. Tangu mwezi wa nane mpaka mwezi wa kumi na moja 1944, makamio haya yalipeleka huko Ufaransa zaidi ya tani 400,000 za mafuta, risasi na chakula, katika kazi iliyoitwa Red Ball Express. Katika mashofere wanne, watatu hivi walikuwa Waamerika weusi, ambao jeshi lao lenyewe liliwatenga na wenzao weupe. Baadaye, kutoka Antwerpen kupitia Bruseli mpaka Charleroi, makamio makubwa yalivuta remorki za tani 10 usiku na mchana.

Vita ilipokwisha, vitu hivyo vilizidi mahitaji ya majeshi, vikauzwa kwa bei ndogo katika inchi nyingi za dunia. Wakulima, wakata mbao na wenye kujenga wakavinunua. Kamio ya jeshi ilipendwa kwa sababu ilipita katika matope na moteri yake ilikuwa nyepesi kufunguliwa na fundi yeyote. Lakini wengi walionunua kamio na remorki hawakusoma kibao kilichopigiliwa ndani, pale penye usukani. Kibao kile kilisema wazi: GMC ilifanywa kubeba tani mbili na nusu katika njia mbaya, na kuvuta nyuma yake tani mbili hivi, si zaidi. Kuna waliofunga remorki za jeshi zenye uzito mara mbili ao mara tatu. Moteri, kwa vitese vyake vya chini, ilikubali. Freni hazikukubali. Remorki nyingi kubwa za jeshi zilisimamishwa kwa freni za hewa, na GMC haikuwa na pampu ya kupeleka hewa nyuma. Basi remorki ilifuata bila freni yoyote, na katika mteremko fundisho la Mitumba likarudi. Ndiyo maana fundi mwenye akili huuliza kwanza, “Itasimamishwa na nini?” na baadaye tu, “Itavutwa na nini?”

Hata leo makamio makubwa yenye remorki yanapita Fungurume, yakipakia shaba na kobalti. Shofere anayepita pale kwa saa chache hawezi kujua ni mikono mingapi iliyotangulia katika vilima vile.

Wale tunaowadai

Tunawaza sasa juu ya jubilei yetu. Majina ya mashua yamehifadhiwa, hata yale ya mchezo kama Mimi na Toutou. Jina la Spicer-Simson limeandikwa katika vitabu vingi. Lakini majina ya waliotengeneza madaraja 100 na zaidi, ya waliochunga ng'ombe, ya wanawake waliobeba maji, hayakuandikwa. Wengi wao hawakuulizwa kama wanapenda kwenda. Mkubwa wa kijiji aliambiwa atoe watu, naye akatoa. Vita haikuwa yao. Hatupendi kuficha neno hili kwa sababu ya furaha ya sikukuu.

Na tuseme ukweli mwingine. Katika miaka ile ile Kanisa lilikuwa linakua kwenye ukingo wa ziwa. Mapadri Weupe walikuwa Mpala tangu 1885. Mwaka wa 1917, mwaka mmoja tu baada ya ziwa kutulia, Askofu Victor Roelens alimpa Stefano Kaoze upadri huko Baudouinville, ndiyo Moba, naye akawa Padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi zetu. Neema ya Mungu ilipita katika inchi iliyochoka kwa kubeba mizigo ya wengine. Mapadri, katekista na wakristu walitembea katika njia ambazo wengine walizifungua kwa lazima na kwa maumivu. Sisi nasi tumepokea urizi huo, mzuri wake na mzito wake.

Kwa hiyo tunatoa maombi mawili. La kwanza, katika Misa ya jubilei, Padri anapotaja marehemu wa parokia, kila mmoja wetu awaweke pamoja nao watu wa njia, wale wasiojulikana ila kwa Mungu. La pili ni kwa wakubwa wa jumuiya na wa halmashauri. Kanisa letu linaanza miaka mipya na kazi nyingi mbele yake: shule, zahanati, nyumba za ibada katika vijiji vya mbali. Tunayo nguvu ya kuanza kuvuta. Basi, kabla ya kufunga mzigo, tuulize kama aliye mbele aweza kuusimamisha, na kama walio nyuma wamekubali kwa moyo wao. Tukipanga kazi, tuandike pia majina ya wanaoleta maji, ili watakaofanya jubilei ijayo wayakute katika kitabu.

Mungu awabariki ninyi nyote mliofika, na awarudishe nyumbani kwa njia njema.