Mwas hakutoboa kwa sababu ya kipaji tu: tuiangalie upya Nairobi Half Life

Wadau, leo tunarudi nyuma hadi 2012. Huku kwetu ndio mwaka ambao Simiyu imekuwa mkoa rasmi, makao makuu Bariadi. Kwa majirani zetu Kenya ndio mwaka iliyotoka Nairobi Half Life, muvi ndefu ya kwanza kuongozwa na David Gitonga, yule wengi wanamjua kama Tosh. Ni muvi ya majambazi, ila ukiiangalia vizuri inawahusu sana vijana wa Kimali na vijiji vingine vyote wanaoota kuhamia mjini.

Stori iko hivi. Mwas (kaigiza Joseph Wairimu) anauza DVD kijijini, na ili mteja anunue anamwigizia kabisa sini za ngumi na bunduki. Mtu wa hivi tunamjua. Sisi wenyewe muvi tulizijulia kwenye vibanda umiza, Lufufu anatafsiri huku anaongezea na utani wake. Basi Mwas anataka kuwa mwigizaji, anapanda basi la Nairobi. Kushuka tu, hata maghorofa hajamaliza kuyashangaa, kaibiwa kila kitu. Akaishia selo.

Huko selo anakutana na Oti (Olwenya Maina, aliyetutoka 2022), mkuu wa genge la kuiba vifaa vya magari. Kuanzia hapo Mwas anaishi maisha mawili: huku anafanya mazoezi ya igizo na watu wa maana, huku usiku anaingia kazini na kina Oti. Ndio maana ya lile jina, maisha nusu nusu.

Sasa historia yake. Tosh hakuokotwa barabarani akapewa kamera. Kabla ya hapo alikuwa mwongozaji msaidizi kwenye The First Grader (2010), ile ya mzee Maruge aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Halafu kukawa na mradi wa mafunzo wa One Fine Day Films, kampuni ya Mjerumani Tom Tykwer aliyetengeneza Run Lola Run (1998), wakishirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Muvi ya kwanza ya mradi ilikuwa Soul Boy (2010) ya Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera. Ya pili ndio hii.

Wapo wanaosema hela ya Mjerumani, basi na stori ni ya Mjerumani. Mi nawaambia wafungue masikio. Watu humo wanaongea Kiswahili, Kikuyu na Sheng, kama wanavyoongea kwenye matatu. Na hivyohivyo ilivyo, Kenya ikaipeleka Oscar kwenye kundi la filamu za lugha za kigeni, mara yao ya kwanza kabisa kupeleka. Haikuingia kwenye tano bora, lakini Wairimu alishachukua tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban. (Na sisi tusijidharau, Tanzania ilishapeleka Maangamizi tangu 2001.)

Ila kilichonifanya niandike ni polisi wa kwenye hii muvi. Wanakula na genge, mambo yakiharibika wanalimaliza genge lenyewe. Hilo halikutungwa hewani. Mwaka 2009 Philip Alston, mchunguzi wa Umoja wa Mataifa, alitoka Kenya akisema wazi kwamba polisi wanaua watu nje ya sheria na hakuna anayewajibishwa. Miaka mitatu baadaye Tosh akaweka kitu hichohicho kwenye skrini, kijana yeyote wa mtaani akaelewa.

Mwishoni Mwas anafika jukwaani, watazamaji wamekaa kwenye viti vyao wanamsubiri. Wengi wanaishia hapo na kusema, umeona, pambana utatoboa. Hapana jamani. Wenzake nao walipambana. Oti alikuwa na akili kuliko mabosi wengi tunaowapigia saluti, na wala hakukosa juhudi. Mwas kapona kwa kuponea chupuchupu, na amepanda pale akiwa amewaacha marafiki zake wamekufa.

Siku hizi kila ukifungua simu kuna mtu anakwambia kipaji chako kitakutoa. Muvi ya kwanza ya Tosh ilikataa kutudanganya hivyo: mji unaweza kukupa makofi na risasi ndani ya wiki moja, na anayepona sio lazima awe ndiye aliyejituma zaidi.

Kama una mdogo wako anataka kuuza gunia zake za pamba apande basi la Dar akawe staa, usimkataze. Kaa naye muiangalie hii muvi, halafu muulize atafikia kwa nani.