Msimu wa Parokia: Habari za Ubingwa wa Klabu katika Kaunti ya Cork

Fainali ya taifa ikiisha kuchezwa mjini Dublin mwezi wa Julai, na uwanja wa Croke Park, wenye nafasi ya watu 82,300, ukibaki mtupu, wachezaji wa kaunti ya Cork hurejea makwao kusini mwa Ireland, wakavua jezi nyekundu waliyoivaa pamoja tangu majira ya baridi, na kabla ya majuma mengi kupita wakaonekana tena viwanjani, kila mmoja katika rangi za parokia yake, akimkaba pasi na huruma yule yule aliyekuwa bega kwa bega naye mbele ya taifa zima. Mgeni akiyaona hayo hustaajabu. Mwenyeji hastaajabu hata kidogo, kwa kuwa kwake yeye msimu ndiyo kwanza umeanza.

Michezo yenyewe ni miwili, na kwa msomaji aliyelelewa na kandanda ya Kiingereza yafaa niieleze kwanza. Wa kwanza ni harlingi, mchezo wa magongo wa kale mno, ambao hekaya za Waayalandi humpamba nao shujaa wao Cú Chulainn tangu utoto wake. Timu ni ya watu 15, kila mmoja na gongo lililo bapa mwishoni mfano wa kasia fupi, na kwa gongo hilo kipira kigumu cha ngozi hupigwa angani, hudakwa, au huchukuliwa mbio kikiwa juu ya ubapa bila ya kuanguka. Wa pili ni kandanda ya Kigaeli, ambayo mpira wake hushikwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu au kwa ngumi. Yote miwili huchezwa katika uwanja wa namna moja, wenye milingoti ya mfano wa herufi H: mpira ukipita chini ya mtambaapanya na kuingia wavuni ni bao, nalo lina thamani ya nukta tatu, ukipita juu yake ni nukta moja, ingawa tangu mwaka 2025 kandanda imeruhusiwa nukta mbili kwa mpira uliopigwa kutoka nje ya tao la mita 40. Kando ya milingoti husimama wasaidizi wa mwamuzi wenye makoti meupe, wakipunga bendera ya kijani kwa bao na nyeupe kwa nukta.

Gongo zuri la harlingi halichongwi kutoka katika tawi, wala halichongwi kutoka katikati ya shina. Fundi huutafuta mti uitwao ash, akaukata chini kabisa, mahali shina linapojipinda kuingia mizizini, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo wa ubapa wenyewe. Kwani gongo ambalo nyuzi zake zimekatizwa hupasuka kwa dharuba ya kwanza. Tangu mwaka 2012, ulipoonekana nchini Ireland ugonjwa wa kuvu unaoikausha miti hiyo, ash imekuwa adimu, na mafundi wengine wameingia kutumia mianzi na malighafi ya viwandani.

Sasa turudi nyuma. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine kama hao kuvuka bahari, na katika vijiji vilivyosalia vitupu michezo ya kale ilififia mahali pengi, hali mashindano ya riadha yakiwa mikononi mwa watu ambao kibarua na mkulima hawakuwa na nafasi mbele yao. Ndipo mwalimu mmoja wa kaunti ya Clare, Michael Cusack, akishirikiana na mwanariadha Maurice Davin wa Tipperary, alipowaita watu katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, tarehe 1 Novemba 1884, na wachache waliohudhuria wakaanzisha Chama cha Riadha cha Wagaeli. Askofu Mkuu Thomas Croke, mzaliwa wa kaunti ya Cork, aliombwa awe mlezi, naye akakubali kwa waraka uliosikitika jinsi watu wake walivyoacha yaliyo yao na kushika ya wageni. Kwa rai yangu, jambo la hekima kuliko yote waliyoyafanya waasisi hao lilikuwa kuiweka parokia iwe msingi wa chama; kwa sababu parokia ilikuwa tayari na mipaka, na majina, na makaburi, na uhasama wa kale na jirani, hata hapakuwa na haja ya kumfundisha mtu awe upande gani.

Mashindano ya ubingwa yalianza mwaka 1887, ya kaunti na ya taifa kwa pamoja, na hapa ndipo wengi wanapokosea wakidhani kwamba kaunti ilitangulia na klabu zikafuata. Hapakuwa na timu ya kaunti. Klabu iliyoshinda kwao ndiyo iliyokwenda mbele kwa jina la kaunti nzima; na fainali ya kwanza ya harlingi ya taifa, iliyochezwa Birr tarehe 1 Aprili 1888, ilikuwa baina ya klabu ya Thurles, kwa niaba ya Tipperary, na klabu ya Meelick, kwa niaba ya Galway. Cork iliposhika ubingwa wa michezo yote miwili mwaka 1890, walioleta fahari hiyo ni watu wa Aghabullogue kwa harlingi na watu wa Midleton kwa kandanda. Mwaka 1892 ndipo bingwa wa kaunti alipopewa ruhusa ya kuchukua wachezaji wa klabu nyingine, na kutokana na ruhusa hiyo timu ya kaunti ikazaliwa taratibu. Kanuni nazo zilikuwa zikitafuta umbo lake: timu ilianza na watu 21, ikapunguzwa kuwa 17, kisha 15 mwaka 1913, na bao, ambalo hapo awali lilishinda nukta zozote hata zikiwa nyingi namna gani, likawa na thamani ya nukta tano, kisha tatu tangu mwaka 1896.

Katika harlingi ya Cork majina matatu ya mjini yamelitawala kombe kwa muda mrefu. Blackrock, kitongoji cha kando ya mto mashariki mwa mji, ambacho zamani kilikuwa cha wavuvi, kilitwaa ubingwa mara 33 kati ya mwaka 1887 na 2020, na kombe lenyewe hubeba jina la mmoja wa watu wake, Seán Óg Murphy. St Finbarr's ni ya upande wa pili wa mji. Ya tatu, Glen Rovers, iliasisiwa mwaka 1916 huko Blackpool, mtaa wa viwanda na wafanya kazi upande wa kaskazini. Ikangoja miaka 18 kabla ya kuonja ubingwa, na ilipouonja mwaka 1934 haikuuachia hata mwaka 1941, misimu minane mfululizo, mpaka St Finbarr's walipoukata mnyororo huo mwaka 1942.

Katika msimu wa mwisho wa ile minane, Glen Rovers walimpokea kijana wa miaka 20 aliyetoka Cloyne, kijiji cha mashariki ya kaunti. Jina lake Christy Ring. Aliishi kwa kuendesha lori la mafuta, kwani mchezo huu haulipi mshahara, wala haujapata kulipa hata leo. Na kwa Glen Rovers alipata nishani 14 za ubingwa wa kaunti, ya kwanza mwaka 1941 na ya mwisho mwaka 1967, mbali na nishani nane za taifa. Wapo watakaosema kwamba yeye, aliyeihama parokia yake, ni hoja dhidi ya haya ninayoyasema. Sivyo nionavyo. Alipofariki tarehe 2 Machi 1979 alirudishwa Cloyne akazikwe, na aliyesimama kaburini kunena alikuwa Jack Lynch, waziri mkuu wa nchi wakati ule, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amevaa jezi ya Glen Rovers pamoja naye.

Kaunti ya Cork ndiyo kubwa kuliko zote nchini Ireland, na ladha yake si moja: mashariki na kaskazini harlingi ndiyo yenye nguvu, magharibi, kuelekea bahari kuu, watu ni wa kandanda. Lakini klabu nyingi hucheza yote miwili, na aghalabu kwa miguu ile ile. St Finbarr's ni klabu ya pekee Ireland nzima iliyopata ubingwa wa taifa wa klabu katika harlingi na katika kandanda pia; Newcestown, parokia ya mashambani, hupambana katika madaraja ya juu ya yote mawili; na Kanturk, mji ambao karibu yake alizaliwa Edel Quinn, yule mjumbe wa Legio ya Maria aliyezunguka Afrika ya Mashariki na kufariki Nairobi mwaka 1944, hufanya vivyo hivyo, na mwaka 2018 klabu yake ilitwaa ubingwa wa taifa wa daraja la kati katika harlingi. Mfano ulio mkuu kupita wote ni wa Teddy McCarthy, ambaye mnamo Septemba 1990 alishinda fainali ya taifa ya harlingi, na majuma mawili baadaye ile ya kandanda. Hakuna mwingine aliyelifanya hilo katika mwaka mmoja.

Parokia ndogo, isiyoweza kufika daraja la juu, haikuachwa nyuma. Cork imegawanywa katika majimbo, na wachezaji wa klabu za chini huungana chini ya jina la jimbo lao wakapambana na wakubwa. Jimbo la Imokilly, ambalo Cloyne imo ndani yake, limelitwaa kombe la harlingi mara sita, mara tatu zikiwa za mfululizo kuanzia mwaka 2017. Jimbo, hata hivyo, haliruhusiwi kwenda mbele kushindana na mabingwa wa kaunti nyingine, kwa kuwa si klabu. Kwa hiyo Oktoba 2024 Imokilly waliposhinda, waliokwenda kwa niaba ya Cork ni Sarsfields, klabu ya McCarthy, waliokuwa wametoka kushindwa katika fainali hiyo; nao wakautwaa ubingwa wa mkoa wa Munster, wakafika hata Croke Park mwezi wa Januari, wakazuiwa na Na Fianna wa Dublin.

Nimeliweka mwisho jambo la kalenda kwa sababu ndilo lenye uchungu. Kwa miaka mingi, kadiri timu ya kaunti ilivyozidi kutukuzwa na televisheni, msimu wa klabu uligeuka kuwa wa kungoja: mchezo mmoja majira ya kuchipua, kisha kimya cha miezi, kwa kuwa makocha wa kaunti hawakutaka wachezaji wao waumie, hata fainali za klabu zikachezwa katika matope ya mwisho wa mwaka. Kijana asiyekuwa na nafasi katika timu ya kaunti, naye ndiye wengi, hakuweza kujua atacheza lini, wala apange lini harusi yake. Tangu mwaka 2022 mwaka umegawanywa: kaunti huchukua nusu ya kwanza na kumaliza Julai, klabu huchukua iliyobaki. Cork ilikwisha kuandaa njia mwaka 2020 kwa kuziweka klabu kumi na mbili katika kila daraja la juu, makundi matatu ya nne nne, kila klabu ikiwa na hakika ya michezo mitatu, juma la harlingi likipokezana na juma la kandanda.

Sasa wapo wanaotaka fainali za taifa zirudishwe Agosti, kwa hoja kwamba mchezo unapoteza mwezi mzuri wa kujitangaza mbele ya dunia. Hoja hiyo naielewa, na siikubali. Kilichomfikisha Ring Croke Park hakikuwa matangazo, bali ni magongo yaliyogongana uwanjani Cloyne jioni za kiangazi, na Agosti, Septemba na Oktoba ni miezi ambayo wenye viwanja hivyo waliingoja kwa muda mrefu mno. Waachiwe.