Zaburi Iliyoimbwa Katika Jubilei ya Mji

Wakati wa jubilei watu hutazamia nyimbo za shangwe, na ni haki yao. Lakini yafaa tukumbuke jubilei moja ya Ulaya ambayo mtunzi aliyealikwa alileta maombolezo, wala watu hawakuyakataa.

Mji wa Budapest katika nchi ya Hungaria ulipata kuwa mji mmoja mwaka 1873, Buda, Pest na Óbuda zilipounganishwa. Hata ilipotimia miaka 50, katika 1923, wakuu wa mji waliwaomba watunzi watatu, Ernő Dohnányi, Béla Bartók na Zoltán Kodály, kila mmoja atunge muziki mpya kwa ajili ya sikukuu hiyo.

Siku zile nchi ilikuwa na majonzi. Ilikuwa imeshindwa katika vita vya 1914 hata 1918, na kwa mapatano ya Trianon ya 1920 ilinyang'anywa kadiri ya theluthi mbili za ardhi yake. Kodály mwenyewe alikuwa ameonja uchungu. Serikali ya kikomunisti ya 1919 ilipoanguka, aliulizwa juu ya kazi aliyoifanya wakati wake, akaondolewa katika cheo cha naibu wa mkuu wa Chuo cha Muziki, akazuiwa kufundisha kwa muda.

Basi hakutafuta maneno ya kuwasifu wakubwa. Alichagua Zaburi ya 55, kama ilivyotungwa kwa mashairi ya Kihungari katika karne ya 16 na Mihály Vég wa Kecskemét, mji ule ule alikozaliwa Kodály mwaka 1882. Vég aliishi katika karne ambayo sehemu kubwa ya nchi ilitawaliwa na Waturuki. Katika zaburi hiyo Daudi analia kwa kuwa mji umejaa ugomvi na hila. Anatamani mabawa ya njiwa apate kukimbilia jangwani. Na linalomchoma zaidi si adui, bali ni rafiki aliyekwenda naye nyumbani mwa Mungu, kisha akamgeuka. Vég alichanganya machozi yake na ya Daudi, na Kodály akatia yake pia.

Kazi hiyo huitwa Psalmus Hungaricus, maana yake Zaburi ya Kihungari, nayo huimbwa kwa dakika zaidi ya 20. Vyombo huanza kwa nguvu nyingi. Kisha kwaya huingia kwa sauti ya chini, ikisimulia huzuni ya mfalme. Mwimbaji mmoja wa tenori huyanena maneno ya Daudi, na kwaya humrudia mara kwa mara kwa usimulizi ule wa kwanza, kama kiitikio. Baadaye kinubi husikika, na moyo wa mwombaji hutulia. Ndipo kwaya yote hutangaza kwamba Mungu huwainua wanyonge na kuwashusha wenye kiburi. Na mwisho sauti hupungua hata kunyamaza.

Iliimbwa mara ya kwanza tarehe 19 Novemba 1923, Dohnányi akiongoza. Mwaka 1926 iliimbwa Zürich, na tangu hapo ikaenea katika nchi nyingi.

Walimu wapendwa, kuna jambo jingine. Tangu 1925 Kodály alijitia sana katika uimbaji wa watoto, akasisitiza kwamba kila mtoto afundishwe kuimba shuleni. Alitwaa kutoka Uingereza njia ya do, re, mi, pamoja na ishara za mkono. Ni njia ile ile iliyozifundisha kwaya nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1950 shule ya kwanza ya msingi ya namna hiyo ilifunguliwa Kecskemét.

Twaona, basi, ya kuwa jubilei si siku ya kuficha machozi ya miaka iliyopita. Watu wa Budapest waliyasikia machozi yao mbele ya wakuu wao, katika maneno ya zaburi. Nasi tunapohesabu neema za miaka yetu, tusiwasahau waliolia, wala tusiwafundishe watoto nyimbo za furaha peke yake.