Gome, Merikani na Kaniki: Taarikhi ya Nguo katika Nchi ya Songea

Kijana wa Songea anayejifunza sanaa, atakapoketi na kipande cha gome lililopondwa, akakiunga kwa sindano na mabaki ya vitenge yaliyodondoka chini ya cherehani ya fundi, akapitisha uzi wa mkonge pembezoni na kupaka rangi ya mafuta juu ya mshono, aghalabu hukutana na hukumu za namna mbili: wako watakaomsifu kwa kuwa ameleta ugeni, na wako watakaomlaumu kwa sababu hiyo hiyo, wakidai kuwa nguo ni kazi ya fundi, rangi ni kazi ya mchoraji, na kwamba kuzichanganya ni mtindo uliotoka katika vyuo vya ng'ambo. Kwa maoni yangu hukumu zote mbili zinamdhulumu kijana huyu, tena zinaidhulumu taarikhi ya nchi yake; maana ukichunguza jinsi watu wa pwani ya kusini na bara yake walivyositiri miili yao tangu kale, utaona kuwa nguo yao haikuwa na asili moja, bali ilikusanywa kutoka pande nyingi na kuungwa na mikono ya watu waliojua wanalolitenda.

Ushahidi wa kwanza uko Kilwa, bandari ambayo kwa karne nyingi ilikuwa mlango wa nchi yote iliyo kati ya bahari na Ziwa Nyasa. Neville Chittick na wenzake, walipofukua magofu ya Kisiwani katika miaka ya 1950 na 1960, waliokota vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa tundu katikati, ambavyo kazi yake ilikuwa kutiwa katika kijiti cha kusokotea pamba ili kiwe na uzito wa kuzunguka. Kigae cha chungu kilichovunjika jikoni kiligeuzwa kuwa zana ya mfumaji, na uzi wa pamba ukapita katika udongo uliochomwa kabla ya kufika mwilini mwa mtu.

Ushahidi wa pili unatoka kusini zaidi, Sofala, nao ndio unaonistaajabisha kuliko yote. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika habari za pwani hizi mwanzoni mwa karne ya 16, ameeleza kuwa Waislamu wa Sofala walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini hawakuwa na elimu ya kutia rangi. Basi walizitwaa nguo za rangi zilizoletwa na vyombo kutoka Cambay katika Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma upya uzi ule pamoja na uzi wao mweupe, wakapata nguo ambayo haikuwa ya Sofala peke yake wala ya Cambay peke yake. Msomaji na aifikiri kazi hiyo kwa utulivu. Nguo ya Cambay ilikuwa bidhaa ya thamani, iliyovuka bahari kwa upepo wa kaskazi, na mtu aliyeinunua angaliweza kuivaa kama ilivyo, akatembea nayo kwa fahari mbele ya jirani zake. Lakini yeye aliona ndani ya nguo ile nguo nyingine, akaridhia kuiharibu ya kwanza ili aipate ya pili. Kama moyo wa namna hiyo si moyo wa msanii, basi sijui sanaa ni kitu gani.

Huku bara, mbali na vyombo vya Cambay, msitu wenyewe ndio uliokuwa ghala la nguo. Nchi ya Ruvuma kwa sehemu kubwa imefunikwa na miyombo, miti ambayo gome lake lilikuwa na kazi nyingi katika maisha ya watu: lilitoa kamba za kufungia mizigo na fito za nyumba, lilitoa mizinga ya nyuki, nalo likatoa nguo. Gome la kuvaa lilibanduliwa msimu ambao mti una maji mengi, likaparuzwa gamba lake gumu la nje, likalowekwa, kisha likapondwa kwa nyundo ya mti iliyochongwa mifuo, likigeuzwa na kupondwa tena, hata nyuzi zake zikalegea, zikatanuka, na kipande kilichokuwa chembamba kikawa kipana cha kumzunguka mtu kiunoni. Haikuwa kazi ya kubahatisha. Mpondaji mwenye pupa alilitoboa gome kabla halijalainika, na mwenye uvivu aliliacha gumu, likamchuna mvaaji. Ustadi ulikuwa katika kujua kwa mkono, bila kipimo, ni wakati gani inafaa kuacha.

Katika nchi hiyo ya gome ndipo walipoingia Wangoni. Habari za kuvuka kwao mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, za kifo chake huko Ufipa miaka kama 13 baadaye, na za kutawanyika kwa wafuasi wake, zimeandikwa na wengi, nami sitazirudia kwa urefu. Yatosha kusema kuwa hata kufikia miaka ya 1860 makundi yao yalikuwa yameshika nchi ya mashariki ya Ziwa Nyasa, na baadaye zikasimama himaya mbili, Njelu kusini na Mshope kaskazini. Walikuwa watu wa ng'ombe na vita, na mavazi yao pamoja na ngao zao yalikuwa ya ngozi. Lakini waliowatawala, ambao waliwaita Wasutu, walikuwa Wandendeuli, Wamatengo, Wapangwa, Wanindi na wengineo, watu waliokuwa wakiijua misitu hii kabla ya mkuki wa Kingoni kuonekana. Katika nchi moja zikakutana ngozi na gome, na katika nyumba moja wakaishi wenye desturi mbili za kujisitiri. Ufalme ule, ambao leo twautaja kwa jina moja, ulikuwa wenyewe umeungwa kwa vipande.

Kisha ikaja nguo ya tatu, nayo ilikuja kwa njia ya misafara. Kutoka Kilwa Kivinje wafanyabiashara walipanda bara hata Ziwa Nyasa, wakibeba merikani, ile nguo nyeupe nzito iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, na kaniki, nguo ya bluu iliyokoza karibu na weusi. Biashara ya merikani ilipata nguvu baada ya mapatano ya mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, na ilipodhoofika kwa ajili ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko kati ya 1861 na 1865, nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake, ingawa watu waliendelea kuita merikani nguo ambayo haikuwa imetoka Marekani. Bara nguo hizi zilikuwa fedha. Zilipimwa kwa mkono, mikono minne ikawa shuka, shuka mbili zikawa doti, na jora zima likafika yadi zipatazo 30. Na kwa vipimo hivyo zilinunuliwa pembe za ndovu, chakula cha njiani, ruhusa ya kupita, na, kwa huzuni naandika, watu. Kikole, kituo cha tajiri Rashid bin Masoud katika nchi ya Ungoni, kilikuwa miongoni mwa mahali ambapo tijara hiyo ilifanyika, na hata baada ya mkataba wa mwaka 1873 kukataza usafirishaji wa watumwa kwa bahari, mateka hawakukoma upesi kupita katika njia za bara.

Hapa sharti nisimame kidogo, kwa sababu ni rahisi mno kuisifu nguo kwa uzuri wa rangi yake na kusahau bei iliyolipwa. Mwanafunzi anayekata kipande cha kaniki na kukiweka katika kazi yake hana budi kujua kuwa nguo hiyo ilivaliwa sana pwani na watumwa, na kwamba doti za aina ile zilipokelewa bara na watu waliowatoa jirani zao. Simwambii aitupe. Namwambia aishone akijua.

Dola ya Wadachi ilipojenga boma Songea mwaka 1897, na mwaka uliofuata kodi ya nyumba ya rupia tatu ikaanza kutozwa katika koloni, pamba iliingia katika taarikhi ya kusini kwa sura nyingine, sura ya amri. Katika wilaya za karibu na pwani watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja kwa malipo duni, na mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, tendo lililofungua vita vya Majimaji. Nchi nzima ya kusini iliwaka. Maji ya dawa ya vita yaliletwa Ungoni na Omari Kinjala. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898 na mapadre Wabenediktini, ikateketezwa. Na baada ya kushindwa kwa Wangoni, tarehe 27 Februari 1906, mashujaa 67 walinyongwa Songea, na baada yao akanyongwa nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake. Makumbusho ya Majimaji yaliyoko mjini hapo yanawakumbuka kwa haki. Ila ningependa kila mwanafunzi wa kazi za nyuzi aingiapo humo akumbuke pia kuwa vita ile ilianzia katika shamba la pamba, na kwamba uzi anaoushika kwa wepesi uliwahi kuwa sababu ya watu kufa.

Vita ya dunia ya mwaka 1914 ilirudisha ufundi wa zamani kwa njia isiyotazamiwa. Manowari za Waingereza zilipoziba bandari, nguo za ng'ambo zikakatika, na wenye kutawala, ambao jana walidharau gurudumu la kusokotea, wakaomba pamba isokotwe kwa mikono na vitanda vya kufumia viundwe na maseremala wa hapa hapa. Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wao, ameandika kuwa rangi iliyofaa kwa sare za askari ilipatikana katika mti uitwao ndaa, nayo ilikuwa ya kahawia na manjano, isiyoonekana kwa urahisi nyikani. Msitu, basi, ukatumika tena, safari hii kwa kuitia rangi pamba. Mwaka 1916 Songea ikatwaliwa na jeshi la Waingereza, na maduka yakaanza tena kupata nguo.

Wakati wa Waingereza Songea ilipata tumbaku na chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichoundwa mwaka 1936, lakini fedha haikuwatosha wote, na vijana kwa maelfu walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. P. H. Gulliver, aliyeichunguza safari hiyo na kuandika kitabu chake mwaka 1955, ameonyesha jinsi nguo zilivyokuwa miongoni mwa vitu vikubwa ambavyo manamba alivifuata na kurudi navyo. Kanga zilizofunguliwa katika masanduku yao zilikuwa na nasaba yake vilevile: husimuliwa kuwa wanawake wa pwani, katika karne ya 19, walinunua leso sita zilizochapwa mfululizo katika jora, wakazikata tatu tatu, wakaziunga kwa mshono mrefu, ndipo wafanyabiashara, akiwamo Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa aliyeanza kazi yake mwaka 1887, wakaagiza nguo iliyochapwa ikiwa nzima. Mshono wa wanawake ulitangulia, kiwanda kiliufuata.

Na miongoni mwa waliokwenda Tanga kufanya kazi katika mkonge alikuwamo kijana aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, mkoa huu huu wa Ruvuma, ambaye hakupata chuo cha sanaa hata kimoja: Edward Saidi Tingatinga. Alipohamia Dar es Salaam, na baadaye kuanza kuchora mwaka 1968, hakununua turubai wala rangi za wachoraji. Alitwaa mbao laini za dari na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akazifanya zitii mkono wake. Alikufa mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka minne tu, lakini njia yake imewalisha wachoraji wengi hata leo. Sioni tofauti kati ya hekima yake na hekima ya mfumaji wa Sofala: wote wawili walichukua bidhaa iliyoundwa kwa kazi nyingine, wakaiamuru ifanye kazi yao.

Vyuo navyo vina sehemu yake, nami siwezi kuvipuuza. Chuo cha Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, kilimlea mchoraji Sam Ntiro wa Machame. Nyumba ya Sanaa ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1972, ikawapa vijana wa Tanzania nta, rangi na vitambaa vya batiki. Na huko Uganda wasanii wamelirudia gome la mti wa mutuba, wakilichora, wakilitarizi na kulipachika shanga za karatasi, kabla na baada ya UNESCO kuitangaza kazi ya kuliponda, mwaka 2005, kuwa urithi wa wanadamu wote. Mganda anayeshona gome leo haulizwi ameiga nani. Mngoni na Mndendeuli wastahili insafu hiyo hiyo.

Walimu wa Songea wana neema ambayo vyuo vikubwa havina, nayo ni ukaribu wa msitu na wa wazee. Kabla mwanafunzi hajapewa karatasi ya kuchora, apelekwe kwa anayejua mti gani hutoa gome jepesi na mti gani hutoa kamba tu, msimu gani wa kubandua, na jinsi ya kubandua bila kuuua mti; aliponde yeye mwenyewe hata mikono imchoke; kisha ndipo aje na vipande vyake vya kitenge, vya magunia ya tumbaku, vya suruali za mitumba zilizoshuka kwa barabara ya Makambako, aviweke mezani kandokando ya gome lake, na kuanza kutafuta ni kipi kinachokubali sindano ya kipi. Atagundua upesi kuwa gome huchanika likishonwa kwa mshono wa karibu unaofuata nyuzi zake, na kwamba hulazimu kulitia kitambaa nyuma ili lishike. Na hapo, kwa haja ya kazi yenyewe, pamba na mti vitakuwa vimeungana tena katika nchi ya Ruvuma.