Video inapoganda

Ukihariri video ya harusi nyumbani Gwarama, picha ikasimama huku sauti ikiendelea, utasema imekwama au imekatika? Mimi nasema imeganda, kama maziwa. Kukatika tuuachie umeme.

Mara nyingi kompyuta ni nzima. Simu nyingi za sasa hurekodi kwa mbano wa H.265, na prosesa hulazimika kufumua picha 25 au 30 kila sekunde. Mzigo huo huielemea mashine ya zamani. Programu za kuhariri kama DaVinci Resolve na Premiere Pro huweza kutengeneza faili la muda lenye picha ndogo, ambalo wahariri huliita proksi. Neno gumu bure! Tuseme “nakala nyepesi”. Hariri kwa hiyo, kisha toa video ya mwisho kwa faili halisi.