Gitega hadi Muyinga: Safari ya Fedha Chache

Kutoka Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, hadi Muyinga kwa njia ya Karuzi ni zaidi ya kilomita 80. Gari likiwa na mafuta, nusu siku yatosha. Ugumu wa bajeti umo katika sharti hilo. Kwa miaka kadhaa sasa nchi imekumbwa na uhaba wa mafuta wa mara kwa mara, unaotokana hasa na upungufu wa fedha za kigeni za kuyaagizia. Magari yanapopungua nauli hupanda, na msafiri aliyebeba nauli ya kwenda na kurudi kwa bei ya jana huweza kukwama Muyinga akiwa hana la kufanya.

Kwa hiyo hesabu ya safari hii huanzia mwisho. Nauli ya kurudi hutengwa kwanza, pamoja na akiba isiyopungua nusu yake, na ni salama zaidi ikikaa katika Lumicash au Ecocash kuliko mfukoni, ambako kila jamaa anayetembelewa ana shida yake. Kinachosalia ndicho cha kula na kulala. Asiyekuwa na ndugu wa kumpokea hana budi kuulizia bei ya nyumba ya wageni kabla ya kuondoka, na kujua kama inajumuisha kifungua kinywa.

Uchaguzi wa siku huokoa fedha kuliko kubishania nauli. Jumamosi asubuhi hutengwa kwa kazi za jamii, na usafiri husimama hadi zinapomalizika. Aliyefika kituoni alfajiri atakula fedha zake akisubiri. Muyinga ina Waislamu wengi, hivyo mkesha wa Idi magari hujaa. Kutangulia kwa siku mbili ni nafuu.

Gari la moja kwa moja likikosekana, ipo njia ya Ngozi. Ni ya mzunguko na hudai nauli mbili, basi ifaa kuwa tegemeo la mwisho.

Mwenye saa chache za ziada Gitega anaweza kuzuru Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Gishora, penye ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014, ni mwendo wa kilomita 7 hivi. Onyesho hulipiwa, hivyo wageni wakijiunga hupunguziana mzigo. Hifadhi ya Ruvubu, inayogusa Muyinga, inahitaji gari la kukodi. Bajeti ndogo haiiwezi.

Kitambulisho kiwe karibu, kwa kuwa ukaguzi barabarani ni wa kawaida. Anayeendelea hadi Ngara kupitia mpaka wa Kobero akumbuke kwamba saa ya Tanzania imetangulia kwa saa 1, tofauti inayotosha kumkosesha basi la mwisho na kumlipisha usiku mmoja zaidi.